Shamba la Bibi: Historia ya Pori la Selous na Biashara ya Vibali vya Uwindaji

Katika Kiswahili cha Tanzania umo msemo usemao «shamba la bibi». Mali ikiitwa hivyo, maana yake ni kwamba kila apitaye huchuma, hakuna apaliliaye, wala hakuna wa kuulizwa. Wengi wanaoutumia msemo huo hawafahamu kwamba lilikuwapo pori lililobeba jina hilo hilo. Wenyeji wa bonde la Rufiji, kusini mashariki mwa Tanzania, waliliita Shamba la Bibi pori la wanyama walilotengewa na Wajerumani. Simulizi yasema kwamba Kaizari Wilhelm wa Pili alimtunukia mkewe nchi ile. Iwe zawadi hiyo ilitolewa kweli au ni hekaya tu, jina lilibaki vinywani mwa watu, na mambo yaliyofuata yalilipa jina hilo maana ambayo wazee wale hawakuikusudia.

Pori hilo ndilo lililokuja kuitwa Selous. Lilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 50,000, yaani karibu sawa na Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Mwaka 1976 tembo wake walikadiriwa kuwa 109,000. Mwaka 2013 walihesabiwa kuwa 13,000 hivi. Kati ya tarakimu hizo mbili imo historia ya sheria zilizoandikwa vizuri na watu waliozisimamia vibaya. Twaisimulia hapa kwa vijana wa Kongo kwa sababu nasi tuna Virunga, Garamba, Upemba na Kahuzi-Biega, na kwa sababu njia iliyompeleka tembo kwenye maangamizi ilianzia, kwa sehemu kubwa, katika nchi yetu wenyewe.

Njia ya pembe

Kabla ya kibali kulikuwa na msafara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Zanzibar walizifuata pembe za ndovu kutoka pwani hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Ujiji, kisha wakavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Maniema. Walisogea ndani mwaka hata mwaka kwa kuwa kila walipopita ndovu walipungua. Hamed bin Muhammed, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao ya himaya yake, na Nyangwe ukawa mji wa soko. Lugha tunayoiandika hapa ilifika mashariki mwa Kongo kwa njia hiyo hiyo, mabegani mwa watu waliobeba pembe, wengi wao wakiwa watumwa.

Wazungu walipoichukua nchi, waliichukua na biashara yake. Mwaka 1889 Serikali ya Mfalme Leopold wa Pili ilikataza kuwinda tembo pasipo idhini. Lakini Serikali hiyo hiyo ilikuwa mnunuzi na mkusanyaji mkubwa wa pembe. Tangu mwanzo, basi, neno «kibali» lilikuwa na sura mbili. Upande mmoja liliahidi kumhifadhi mnyama. Upande wa pili liliamua ni nani atakayefaidika na kifo chake.

Upande wa Wajerumani, Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji mwaka 1896. Kila mwindaji alitakiwa kununua leseni, na mapori ya kwanza yakatengwa, mojawapo likiwa Rufiji. Miaka minne baadaye, tarehe 19 Mei 1900, mataifa ya Ulaya yenye makoloni, pamoja na Dola Huru ya Kongo, yalitia sahihi London mapatano ya kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mapatano hayo hayakuanza kutumika kamwe, maana waliotia sahihi wengi hawakuyathibitisha. Hata hivyo fikra yake ilienea: mwenye bunduki na fedha aitwe mwindaji, na mwenye mkuki na mtego aitwe jangili. Mwenyeji aliyekula nyama ya porini tangu enzi za babu zake akajikuta mwizi katika ardhi yake mwenyewe.

Nchi iliyohamwa

Mgeni afikapo Selous huambiwa kwamba hiyo ni nyika ambayo haikuguswa na binadamu. Historia yakataa. Mwezi Julai 1905 watu wa milima ya Matumbi, karibu na Rufiji, waliinuka dhidi ya Wajerumani, na vita vya Maji Maji vikaenea kusini kote. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na maghala ya chakula. Waliokufa kwa risasi na kwa njaa wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Mashamba yakageuka kichaka, na wanyama wakaingia mahali watu walipotoka.

Jina la pori lilitoka kwa Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyekuwa mashuhuri duniani kwa wanyama aliowaua. Alipigwa risasi na Wajerumani huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, akazikwa palepale. Waingereza walipoitawala Tanganyika, wakalipa pori jina lake mwaka 1922. Katika miaka ya 1940 mipaka ilipanuliwa tena: maelfu ya watu wa Liwale walihamishwa, sababu iliyotolewa ikiwa ugonjwa wa malale, na ardhi yao ikaongezwa kwenye pori.

Mambo haya yafaa yakumbukwe kabla ya kuzungumzia rushwa. Jirani wa Selous hakuwahi kuulizwa. Alipoteza shamba, akakatazwa kuwinda, na tembo walipovuka mpaka na kula mahindi yake, hakuwa na mahali pa kushtaki. Mtu aliyetendewa hivyo kwa vizazi vitatu hana sababu ya kupiga kelele amwonapo mgeni akipita usiku na pembe. Pengine atamwonyesha njia.

Vitalu na leseni

Katika miaka ya 1960, Tanganyika ikiwa imekwisha kupata uhuru, wasimamizi wa Selous waligawa pori katika vitalu vya uwindaji zaidi ya arobaini. Fikra ilikuwa hii: pori ni kubwa mno, barabara hazimo, watalii wa kupiga picha hawafiki, basi wawindaji wachache wenye fedha nyingi walipe gharama za ulinzi. Kila kitalu kilipewa kiwango, yaani idadi ya wanyama wa kila aina wanaoruhusiwa kuuawa kwa mwaka. Mwindaji alilipia leseni, alilipia kila mnyama aliyemuua, na alifuatana na askari wa wanyamapori aliyehakikisha kwamba sheria imefuatwa. Kwa tembo kiliwekwa kipimo: pembe zisipofikia uzito au urefu uliotajwa, dume huyo asiguswe, apate kukua na kuzaa.

Mfumo huo si wa kijinga. Ukisimamiwa kwa haki, idadi ya wanyama wanaouawa ni ndogo kuliko wanaozaliwa, na fedha ni nyingi. Lakini tazameni unasimama juu ya nini. Unamtegemea anayepanga kiwango asijiongezee namba. Unamtegemea anayegawa vitalu asimpe rafiki. Unamtegemea askari mwenye mshahara mdogo, aliye peke yake porini na mgeni tajiri, aandike kwenye daftari kile alichokiona. Na unamtegemea mweka hazina arudishe fedha porini. Uaminifu ukikosekana katika mmoja wa watu hao wanne, karatasi inabaki ileile, mhuri ni uleule, lakini kinachotendeka ni wizi.

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ametangaza mjini Arusha, mwezi Septemba 1961, kwamba wanyama wa porini ni amana ambayo taifa changa linakubali kuitunza. Mwaka 1973 Serikali yake ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii. Marufuku ilidumu hadi 1978, kisha kazi yote ikakabidhiwa shirika moja la umma, TAWICO. Miaka hiyo ilikuwa migumu: vita vya Uganda vilikomba hazina, bunduki za kivita zikaenea, bei ya pembe ikapanda katika masoko ya Asia, na magari ya askari wa pori yakakaa bila mafuta. Tembo 109,000 wa mwaka 1976 wakawa 55,000 hivi mwaka 1986, na miaka michache baadaye wakabaki takribani 30,000.

Hapa msomaji aweza kuuliza: je, kosa si uwindaji wenyewe? Swali hilo ni la haki, na jirani wa Tanzania alilijibu kwa vitendo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote mwezi Mei 1977 na haijaufungua tena. Hata hivyo tembo wake, waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973, walishuka hadi 16,000 mwaka 1989. Nchi moja ilikataza, nyingine iliruhusu, na zote mbili zilipoteza. Mtu aweza kuwa na sababu zake za kuchukia kumuua mnyama kwa ajili ya kichwa cha kutundika ukutani. Sababu hizo zina uzito wake. Lakini historia yatuonya tusidhani kwamba kubadilisha sheria kunatosha, ikiwa mikono inayoishika sheria haikubadilika.

Miaka kumi na mitano ya matumaini

Mwaka 1988 Serikali za Tanzania na Ujerumani zilianzisha mpango wa kulifufua pori. Mwaka uliofuata jeshi, polisi na askari wa wanyamapori walifanya Operesheni Uhai dhidi ya majangili, na mwezi Oktoba 1989, mjini Lausanne, mataifa yalikubaliana kusimamisha biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza shauri hilo.

Lakini jambo lililozaa matunda ya kudumu halikutangazwa kwa ngoma. Kuanzia mwaka 1994 Selous iliruhusiwa kubaki na nusu ya mapato yake. Fedha ya mwindaji haikwenda yote Dar es Salaam. Nusu ilinunua mafuta, redio, viatu vya askari, na ndege ya doria. Askari akalipwa posho yake kwa wakati. Vijiji vya mpakani vikaanza kupewa haki ya kuwinda nyama kwa kiwango na kuzilinda ardhi zao wenyewe, na Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ikaahidi kuieneza njia hiyo nchini kote. Mpango wa Wajerumani ulikwisha mwaka 2003. Mwaka 2006 tembo wa Selous na maeneo yanayoizunguka walikadiriwa kuwa 70,000.

Pori lilelile, watu walewale, sheria karibu zilezile. Kilichobadilika ni kwamba fedha ilirudi mahali kazi inapofanyika, na aliyefanya kazi aliiona.

Jinsi kibali kilivyooza

Uozo haukuja kwa siku moja, na mbegu yake ilikuwamo hata katika miaka mizuri. TAWICO ilipopoteza ukiritimba, vitalu vilianza kugawiwa makampuni binafsi. Havikunadiwa. Ofisi ndiyo iliyoamua nani apate, kwa muda wa miaka mitano mitano, na kwa miaka mingi ada ya kitalu ilikuwa dola 7,500 kwa mwaka, kiwe kitalu chenye simba na tembo tele au kichaka kitupu. Kwa kuwa bei ya Serikali ilikuwa chini mno kuliko thamani halisi, aliyepata kitalu alipata tunu. Waliokuwamo wale wasiokuwa na hema wala bunduki. Kazi yao ilikuwa kupewa kitalu kwa bei ya Serikali na kukikodisha kwa mgeni kwa bei ya soko. Tofauti ya bei iliingia mfukoni. Haikuingia hazina, haikuingia kijijini, haikumfikia askari.

Ubaya huu ulijulikana. Mwaka 1995 idara yenyewe iliandika sera na mpango wa uwindaji wa kitalii uliotaka vitalu vigawiwe kwa ushindani wa wazi na jamii zipate mgawo wao. Waraka ulikuwa mzuri; ukawekwa kabatini. Wataalamu waliohesabu hasara na kuiandika hadharani hawakupendwa. Mwaka 2007 ada ilipandishwa, lakini mnada wa wazi haukuja. Ni mwaka 2017 tu ndipo waziri wa wakati huo alipofuta vibali vilivyogawiwa na kutangaza kwamba tangu hapo vitalu vitanadiwa. Ilikuwa imepita miaka 22 tangu shauri hilo liandikwe.

Wakati huohuo ile nusu ya mapato ilianza kupunguzwa. Selous ilikuwa na dola milioni 2.8 za kujiendeshea mwaka 2005. Mwaka 2009 ilikuwa nazo 800,000 hivi. Doria zikapungua, magari yakalala kwa kukosa vipuri, na majangili wakarudi. Tembo 70,000 wakawa 39,000 mwaka 2009, kisha 13,000 mwaka 2013.

Linganisheni namba hizi. Kiwango cha tembo walioruhusiwa kuuawa na wawindaji wa leseni katika Tanzania nzima kilikuwa 200 kwa mwaka, na mara nyingi hakikufikiwa. Selous ilikuwa ikipoteza maelfu kwa mwaka. Bunduki yenye leseni siyo iliyowamaliza tembo wale. Waliwamalizwa na bunduki isiyo na leseni, nayo ilipata nafasi kwa sababu walioshika leseni walikwisha kula fedha ya ulinzi. Nyama za mzoga hazikuliwa hata na fisi mmoja kwa kificho: mizoga ilionekana kutoka angani. Na pembe hazitoki porini kwa miguu yake. Zinahitaji lori, zinapita vizuizi vya barabarani, zinaingia bandarini, zinapewa hati. Wanasayansi waliochunguza vinasaba vya shehena kubwa zilizokamatwa duniani walieleza mwaka 2015 kwamba pembe nyingi za tembo wa savana zilitoka katika eneo moja: kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Haiwezekani shehena za namna hiyo zipite miaka mingi pasipo watu wengi kufumba macho kwa malipo.

Mwezi Juni 2014 UNESCO, iliyokuwa imeiandika Selous katika Urithi wa Dunia tangu 1982, ililiweka pori hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Nani alilipa

Tarehe 26 Novemba 2010 ndege ya kijeshi ya Qatar iliondoka katika uwanja wa Kilimanjaro ikiwa na wanyama hai zaidi ya mia moja, twiga wakiwamo. Twiga ni mnyama wa taifa la Tanzania, wala hafichiki katika mkoba. Bunge lilipiga kelele, kelele hizo zikaungana na tuhuma kuhusu ugawaji wa vitalu, na mwezi Mei 2012 waziri aliyehusika aliachwa nje ya baraza jipya. Raia wa Pakistani aliyepatikana na hatia ya kuwasafirisha wanyama wale alihukumiwa kifungo cha miaka 60. Lakini hakuwapo mahakamani, alikwisha kutoroka.

Mwezi Oktoba 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Majina ya wakubwa wa biashara yalikuwa yakinong'onwa mijini, lakini mkono mzito uliwaangukia wanavijiji. Kamati ya Bunge ilisimulia watu waliopigwa, walioteswa, waliouawa, wanawake waliotendewa jeuri, na ng'ombe waliouawa au kunyang'anywa. Operesheni ilisimamishwa ndani ya mwezi mmoja, na mwezi Desemba mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Jirani wa pori, aliyepoteza shamba kwa Mjerumani na kwa Mwingereza, safari hii alipigwa na askari wa nchi yake mwenyewe kwa dhambi ambayo faida yake ililiwa na wengine.

Haki haikukosa kabisa. Kikosi maalumu cha wapelelezi kiliundwa, na mwaka 2015 kikamkamata mfanyabiashara Mchina, Yang Feng Glan, aliyeitwa «malkia wa pembe». Mwezi Februari 2019 mahakama ya Dar es Salaam ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Lakini bei ya haki hiyo ilikuwa kubwa. Tarehe 16 Agosti 2017 Wayne Lotter, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyewasaidia wapelelezi wa Tanzania kuifuata mitandao ya pembe, alipigwa risasi ndani ya gari jijini Dar es Salaam, akafa.

Kuanzia mwaka 2014 hesabu zilionyesha kwamba mporomoko umesimama. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous, kilomita za mraba 30,893, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo uwindaji hauruhusiwi. Mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la bwawa kubwa la umeme katika mto Rufiji, ndani ya pori lilelile. Hadithi ya Shamba la Bibi, basi, haijaisha.

Kioo kwa Kongo

Tusiinyoshee Tanzania kidole. Kioo tulichokishika kinatuonyesha sura yetu pia.

Mbuga ya Albert, tunayoiita leo Virunga, ilianzishwa mwaka 1925, nayo pia ilitokana na wawindaji. Mwaka 1921 Mwana wa Mfalme Wilhelm wa Sweden na wenzake waliua sokwe-gorila 14 katika milima ya volkeno, kwa idhini ya watawala. Mwaka huohuo Mmarekani Carl Akeley alikuja kuwaua kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Aliyoyaona yakamgeuza moyo, akamsihi Mfalme Albert awatengee hifadhi. Alifariki kwenye mlima Mikeno mwaka 1926. Tangu siku hizo walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiilinda Virunga, karibu wote wana wa nchi hii, na wengi wamezikwa bila jina lao kujulikana nje ya familia zao.

Na ilhali walinzi wanakufa, wengine wamekuwa wakiuza. Mwezi Julai 2007 gorila wa familia ya Rugendo walipatikana wameuawa kwa risasi. Hawakuliwa, wala hawakukatwa mikono kwa ajili ya kuuzwa. Uchunguzi ulielekea kwenye biashara ya makaa, yale ambayo Goma na Bukavu twayaita makala, yanayokatwa katika misitu ya mbuga. Mwezi Machi 2008 afisa wa juu wa mbuga yenyewe alikamatwa kwa tuhuma za kuhusika. Mwezi Agosti 2023 Serikali ya Marekani iliwafungia mlango maofisa watatu wa Kongo, wa zamani na waliokuwa kazini, wenye dhamana ya hifadhi na ya vibali vya kusafirisha wanyama. Iliwashutumu kwamba walipokea rushwa na kutoa hati za uongo, sokwe, gorila na okapi wapate kupelekwa ng'ambo, hasa China. Okapi hapatikani kwa asili katika nchi nyingine yoyote duniani. Tena tunaona karatasi. Tena tunaona mhuri.

Garamba nayo ilikuwa makao ya mwisho ya kifaru mweupe wa kaskazini. Mwaka 1984 walibaki 15 tu. Ulinzi ulipoimarishwa wakaongezeka hadi kufikia 30 hivi. Kisha vita na ujangili vikawamaliza kabisa. Leo kijana wa Dungu hawezi kumwona mnyama ambaye babu yake alimfahamu.

Watanzania wana «shamba la bibi». Sisi tuna «Kifungu cha 15», jitafutieni. Misemo hii miwili ni ndugu. Wa kwanza wasema mali haina mwenyewe; wa pili wasema kila mtu achukue awezacho. Vikikutana katika ofisi moja, hakuna mbuga itakayobaki.

Tunajifunza nini

Kwanza, bei iliyofichwa ni mama wa rushwa. Ilimradi kitalu kiligawiwa ofisini kwa ada isiyolingana na thamani yake, hata mtu mwema alitiwa majaribuni. Jambo hilo ni lilelile kwa kibali cha mbao, cha dhahabu, na hata nafasi ya shule.

Pili, fedha ya kazi lazima imfikie anayefanya kazi. Selous iliinuka nusu ya mapato ilipobaki porini, ikaanguka ilipoondolewa. Mlinzi asiyelipwa miezi sita ameachwa kati ya njaa na dhambi, na aliyemwacha hapo ana hatia kuliko yeye.

Tatu, jirani asiyeshirikishwa hawezi kuwa mlinzi. Vijiji vya Selous vilisaidia pale vilipopata haki, vikanyamaza vilipopata kipigo.

Nne, ubaya mkubwa hufanywa na watu wengi wadogo. Mkubwa hakuibeba pembe. Alikuwapo dereva, karani aliyepiga mhuri, askari wa kizuizi aliyeinua mti, mkaguzi wa bandari ambaye siku hiyo hakufungua kontena. Kila mmoja alipokea kidogo, kila mmoja akajiambia kwamba asipopokea yeye atapokea mwingine. Baadhi yenu, vijana, katika miaka kumi ijayo mtakuwa makarani, askari, walimu, maofisa wa forodha. Mhuri utakuwa mikononi mwenu. Tembo elfu hamsini na zaidi wa Selous walipotea kwa mihuri na kwa macho yaliyofumbwa, kimoja baada ya kingine, na kwa kila kimoja alikuwapo mtu ambaye angeweza kusema hapana.

Ya kuzungumza katika kundi

Katika kata au mtaa wetu, ni mali gani ya wote inayotendewa kama shamba la bibi, na ni nani anayeijua bei yake ya kweli?

Je, ni haki kumkataza jirani wa mbuga kukata kuni bila kumpa njia nyingine ya kupika?

Mwenzetu akipata kazi ya ofisi, sisi ndugu na marafiki tunamsaidia awe mwaminifu, au sisi ndio wa kwanza kumwomba atupitishe mlango wa nyuma?